Sumu ya Mishale Iliyogeuka Dawa ya Chumba cha Upasuaji

Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna mtaa unaoitwa Hewa Bora. Ni jina jema, maana mtu aweza kukaa siku nyingi bila chakula, na siku chache bila maji. Lakini bila hewa dakika chache tu zatosha kumwua. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba uhai wa mtu wa kwanza ulianza kwa pumzi aliyopuliziwa na Muumba wake. Basi leo twataka kusimulia habari za dawa ambazo, ukizitazama juu juu, kazi yake ni kumnyima mtu pumzi hiyo. Hata hivyo kila siku, katika hospitali za dunia nzima, dawa hizo zinasaidia kuwaokoa akina mama wenye uchungu wa kuzaa, watoto wenye matumbo yaliyojifunga, na watu walioumia barabarani.

Kwanza tueleze kazi yake. Mgonjwa anayepasuliwa tumbo hulazwa usingizi mzito. Katika usingizi huo ulimi hulegea na kuanguka nyuma, na chakula au maji makali ya tumboni yaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni. Kwa hiyo mganga wa usingizi hufungua kinywa cha mgonjwa, hutazama ndani kwa chombo chenye taa, kisha hupitisha mpira laini katikati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye njia ya hewa. Kwa mpira huo mgonjwa hupewa hewa safi, na mapafu yake yanalindwa. Lakini koo la mtu halikubali kitu kigeni. Meno hubana, kifua hukohoa, nyuzi za sauti hujifunga kama mlango. Ndipo hutumika dawa ya kulegeza misuli: kwa muda mfupi mwili wote hulegea, mlango hufunguka, na mpira hupita bila kujeruhi.

Dawa za namna hiyo ni nyingi. Waganga wameshindana juu yake kwa zaidi ya miaka 70, wakiuliza: ipi iliyo bora? Historia yake itatuonyesha kwamba jibu halimo katika kichupa peke yake. Limo pia mikononi mwa mtu anayekishika kichupa hicho.

MISHALE YA AFRIKA NA MISHALE YA AMERIKA

Wazee wetu walijua sumu ya mishale tangu kale. John Kirk, mganga aliyefuatana na David Livingstone katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, aliikuta huko sumu iitwayo kombe. Mswaki wake ulikuwa umechafuka kwa sumu hiyo, na alipoutumia aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kirk huyo ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza kombe, na kwayo ikapatikana dawa ya moyo. Basi sumu ile ya Afrika hushika moyo.

Sumu ya wawindaji wa misitu ya Amerika ya Kusini ni nyingine. Wao waliiita kwa majina mengi. Wazungu wakaiita kurare. Mnyama aliyechomwa na mshale wa kurare hapigi kelele. Miguu yake hulegea, shingo huinama, mwili wote huanguka, na mwisho misuli ya kupumulia inasimama. Moyo huendelea kupiga bado kwa muda, kisha nao hunyamaza kwa kukosa hewa.

Mmoja wa walioandika mapema habari za sumu hiyo alikuwa mmisionari: Padre José Gumilla, Mjesuiti kutoka Hispania, aliyefanya utume kandokando ya mto Orinoco. Kitabu chake kilichapwa Madrid mwaka 1741. Baadhi ya mambo aliyoyaandika aliyasikia tu, kama habari ya bibi vizee waliokuwa wakifa kwa mvuke wa chungu cha sumu. Mwaka 1800 Mjerumani Alexander von Humboldt alifika Esmeralda, kwenye mto ule ule, akaona kwa macho yake sumu ikipikwa. Aliona kwamba huionja bila kudhurika, wakitafuta uchungu wake. Maana kurare haimdhuru anayeimeza kama hana kidonda. Hudhuru ikiingia katika damu. Kwa sababu hiyo wawindaji waliweza kula nyama ya mnyama waliyemwua kwayo.

PUNDA WA LONDON

Mwaka 1812 Mwingereza mmoja, Charles Waterton, aliingia misitu ya Guyana ili kuitafuta sumu hiyo. Alikuwa Mkatoliki wa ukoo wa zamani, aliyesoma Stonyhurst katika shule ya Wajesuiti. Alirudi na sumu yake nyumbani, na mwaka 1814 huko London akaijaribu pamoja na waganga juu ya punda jike. Baada ya dakika kama 10 punda alianguka, akaonekana amekufa.

Ndipo walipofanya jambo lililokuwa na maana kubwa. Walipasua njia yake ya hewa shingoni, wakaingiza mdomo wa mivukuto, wakaanza kumpulizia hewa mapafuni. Walipuliza kwa muda wa saa mbili, punda akainua kichwa. Walipoacha akaanguka tena. Wakarudia kumpulizia mpaka sumu ilipokwisha nguvu, na punda akasimama kwa miguu yake. Waterton alimpa jina la Wouralia, akampeleka shambani kwake Walton Hall, wala hakumtumikisha tena. Punda huyo aliishi mpaka mwaka 1839.

Ndugu msomaji, shika vizuri habari ya punda huyu. Sumu ile haikuwa imevunja kitu chochote ndani yake. Ilikuwa imemnyang'anya pumzi tu. Alipopatikana mtu wa kumpumulia, aliishi. Fundisho lote la dawa hizi limo hapo, ingawa waganga walichukua zaidi ya miaka 100 kulielewa.

KENGELE NA KAMBA

Kwa nini misuli hulegea? Mtu aliyejibu swali hilo ni Claude Bernard wa Paris, aliyeanza majaribio yake ya kurare mwaka 1844. Alitumia vyura. Aliona kwamba msuli wa chura aliyepewa kurare bado unaruka ukiguswa wenyewe kwa umeme. Basi msuli haukufa. Lakini ukigusa mshipa wa fahamu unaouamuru, msuli hautikisiki. Kwa hiyo kurare hufanya kazi pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Tuchukue mfano wa kengele ya parokia. Mpiga kengele yupo, ana nguvu zake. Kengele ipo, haikupasuka. Lakini kamba imekatwa, kwa hiyo Wakristo hawasikii kitu.

Bernard alitambua jambo la pili, la kutisha. Mwaka 1864 aliandika kwamba mtu aliyepigwa na kurare huonekana kama amelala kwa amani, kumbe akili na hisia zake zimebaki macho ndani ya mwili usioweza kusogea wala kulia. Maneno hayo yangalikumbukwa vema baadaye, watu wengine wangaliepushwa na mateso.

MONTREAL, MWAKA 1942

Miaka ilipita. Etha na klorofomu zilikuwa zimekwisha kuleta usingizi katika vyumba vya upasuaji. Mwaka 1878 William Macewen wa Glasgow alipitisha mpira wa hewa kwa njia ya kinywa kwa ajili ya upasuaji, na kazi hiyo ikaendelea kutengenezwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Lakini ili tumbo lilegee vya kutosha, mgonjwa alipaswa kuvutishwa etha nyingi sana, karibu na mpaka wa kifo. Wengi walipona upasuaji wakateswa na dawa ya usingizi.

Mwaka 1938 Mmarekani Richard Gill, aliyekuwa amekaa Ecuador, alirudi kwao na shehena ya kurare. Kiwanda cha Squibb kikaitengeneza iwe dawa yenye kipimo kinachojulikana, ikaitwa Intocostrin. Tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal katika nchi ya Kanada, mganga Harold Griffith pamoja na msaidizi wake Enid Johnson walimpa dawa hiyo kijana aliyekuwa akipasuliwa kidole-tumbo. Tumbo lililegea kama unga uliokandwa vizuri, na kijana akaamka salama. Mwaka ule ule waliandika habari za wagonjwa 25. Mwaka 1946 Cecil Gray na John Halton wa Liverpool walitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 1,000. Njia mpya ilikuwa imefunguliwa: usingizi mwepesi, mwili uliolegea, na mtu wa kumpumulia mgonjwa.

MAKOSA MAWILI YALIYOGHARIMU

Lakini kila dawa kubwa huja na kosa lake. Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mtu asiyetikisika hasikii maumivu. Kulikuwa na waganga walioamini kwamba kurare yenyewe huleta usingizi. Ili kulimaliza shauri hilo, mganga wa usingizi Scott Smith wa Utah, Marekani, alikubali kupewa kurare yeye mwenyewe, bila dawa ya usingizi, kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha kumlegeza mtu kabisa. Wenzake walimpumulia. Nguvu zilipomrudia alieleza yote yaliyosemwa na kutendwa juu yake: alisikia, alielewa, alihisi maumivu. Taarifa hiyo ilichapwa mwaka 1947. Tangu hapo hakuna mwenye haki ya kusema hajui. Dawa ya kulegeza si dawa ya usingizi wala ya maumivu. Anayempa mgonjwa ya kwanza bila ya pili anamfunga mtu mdomo kisha anampiga.

Kosa la pili lilikuwa kumlegeza mgonjwa kisha kumwacha apumue mwenyewe kwa nguvu zilizobaki. Mwaka 1954 Henry Beecher na Donald Todd walitoa hesabu ya wagonjwa 599,548 katika hospitali 10 za Marekani, tangu mwaka 1948 mpaka 1952. Kwa wale wasiopewa dawa za kulegeza, kifo kilichotokana na mambo ya usingizi kilikuwa kimoja katika kila wagonjwa 2,100 hivi. Kwa wale waliopewa, kilikuwa kimoja katika kila 370 hivi. Hesabu hiyo iliwashtua wote. Waandishi wake walifikiri kwamba dawa yenyewe ina sumu ya siri. Wengine, hasa wale wa Uingereza, walijibu kwamba kosa si la dawa: anayelegezwa lazima apumuliwe kikamilifu, na dawa iondolewe nguvu kabla hajaachwa. Miaka iliyofuata iliwapa haki kwa sehemu kubwa. Punda wa mwaka 1814 alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo.

DAWA YA DAKIKA CHACHE

Kurare ilikuwa na upungufu mmoja kwa kazi ya kupitisha mpira: ilikawia kushika, na ilikawia kuachia. Ilihitajika dawa inayoshika upesi na kuondoka upesi. Kumbe dawa hiyo ilikuwa imekwisha kupita mbele ya macho ya watu. Mwaka 1906 Reid Hunt na René Taveau huko Marekani waliijaribu dawa iitwayo leo suksametoniamu. Lakini wanyama wao walikuwa wamekwisha kupewa kurare, mwili wote umelegea, kwa hiyo hawakuweza kuona kwamba dawa mpya nayo hulegeza. Ilikaa gizani miaka zaidi ya 40. Mwaka 1949 Daniel Bovet na wenzake huko Roma waliitambua kazi yake, na mwaka 1951 ilianza kutumiwa kwa wagonjwa huko Vienna na Stockholm. Bovet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Suksametoniamu hufanana na kile kitu ambacho mishipa ya fahamu yenyewe hukitumia kuiamuru misuli. Ndiyo sababu mgonjwa hutetemeka kidogo mwili mzima, kisha hulegea kabisa. Baada ya dakika moja hivi koo limefunguka. Damu huivunja dawa hiyo haraka, na baada ya dakika 5 mpaka 10 pumzi huanza kurudi.

Upesi huo una maana kubwa kwa mgonjwa mwenye tumbo lililojaa, na hasa kwa mama mwenye uchungu. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alitoa taarifa ya akina mama 44,016. 66 kati yao waliingiwa na vitu vya tumboni mapafuni wakiwa katika usingizi wa dawa. Mwaka 1961 Brian Sellick wa London alifundisha kubonyeza gegedu la shingo ili kuziba njia ya chakula mpaka mpira umeingia. Wengi wanaitumia njia hiyo hata leo, ingawa wataalamu wanabishana juu ya faida yake. Usingizi wa haraka, dawa ya haraka, mpira wa haraka: hivyo ndivyo wagonjwa wa dharura wanavyolindwa.

AFRIKA NAYO ILITOA CHAKE

Pengine msomaji atauliza: je, katika habari hizi zote Afrika ilikuwa mtazamaji tu? La, sivyo.

Katika nchi ya Calabar, iliyo leo katika Nigeria, palikuwa na haragwe la kuapishia. Mtu aliyeshtakiwa uchawi alilazimishwa kulinywa. Akitapika na kupona, alihesabiwa hana hatia, akifa, basi. Wamisionari Waskoti walipeleka mbegu zake Edinburgh, na mwaka 1855 mganga Robert Christison alikula kidogo ili aone itakuwaje, naye aliponea chupuchupu. Kutoka katika haragwe hilo ilipatikana dawa ambayo mwaka 1900 Jacob Pal wa Vienna aliiona ikiwarudishia nguvu wanyama waliolegezwa kwa kurare. Mwaka 1931 ilitengenezwa neostigmini kwa mfano wake. Mpaka leo neostigmini ndiyo inayotumiwa mahali pengi kumwondolea mgonjwa mabaki ya dawa za kulegeza kabla hajaamshwa. Haragwe lililowaua wasio na hatia likawa mlango wa kuwarudishia watu pumzi.

Na Kongo yetu je? Katika misitu ya Kongo humea mti ambao wataalamu huuita Malouetia bequaertiana. Jina la pili ni la kumheshimu Joseph Bequaert, Mbelgiji mchunguzi wa wadudu na mimea. Yeye alikuwa katika tume ya waganga waliofanya kazi hapa Katanga tangu mwaka 1910 mpaka 1912 kuchunguza ugonjwa wa malale, yaani miaka ile ile mji wetu ulipoanza kujengwa. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa nchi yetu, wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba katika mti huo wamepata kitu walichokiita maluetini, nacho hulegeza misuli kama kurare. Umbo lake lilikuwa geni: halikufanana na la kurare, bali lilikuwa la jamii ya steroidi, ambamo zimo homoni kadha wa kadha za mwili.

Hivyo mti wa Kongo ulionyesha kwamba umbo la namna hiyo laweza kuzaa dawa za kulegeza. Mwaka 1964 wataalamu wa kiwanda cha Organon huko Newhouse, Uskoti, walitengeneza pankuroniamu, dawa ya umbo la jamii hiyo, na mwaka 1967 taarifa za kuitumia kwa wagonjwa zilichapwa. Katika ukoo wake ilifuata vekuroniamu katika miaka ya 1980, kisha rokuroniamu katika miaka ya 1990. Rokuroniamu ndiyo mshindani mkubwa wa suksametoniamu siku hizi.

IPI ILIYO BORA?

Sasa tuzilinganishe hizo mbili kwa haki.

Suksametoniamu hushika upesi kuliko zote na huondoka upesi. Tena bei yake ni nafuu. Lakini ina madhara yake. Hupandisha potasiamu katika damu. Kwa mtu mzima wa mwili si kitu. Lakini kwa mtu aliyeungua moto vibaya siku kadhaa zilizopita, au aliyepooza, au aliyelala kitandani majuma mengi, potasiamu hiyo yaweza kusimamisha moyo. Kuna watu wachache wenye ugonjwa wa ukoo, ambao dawa hii huwasha miili yao joto kali la kuua. Wengine, pia kwa urithi, hawana katika damu kitu cha kutosha cha kuivunja. Kwao dakika 10 hugeuka kuwa saa nyingi, nao lazima wapumuliwe mpaka mwisho. Na wengi huamka na maumivu ya misuli kama mtu aliyelima siku nzima.

Rokuroniamu haina madhara hayo. Ikitolewa kwa kipimo cha kawaida hukawia kidogo. Ikitolewa kwa kipimo kikubwa, yaani miligramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito, hushika kwa dakika moja hivi, karibu sawa na mwenzake. Lakini hapo hukaa saa nzima au zaidi. Mganga akishindwa kupitisha mpira, afanye nini na mtu asiyeweza kupumua saa nzima? Kwa shida hiyo ilitafutwa dawa nyingine, sugamadeksi, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2008. Hiyo huikamata rokuroniamu ndani ya damu na kuifunga kama kitu kilichotiwa mfukoni, na kwa kipimo kikubwa hurudisha nguvu kwa dakika chache. Lakini bei yake ni kubwa, na hospitali nyingi za maskini haziioni.

Wataalamu wamehesabu. Mwaka 2015 walikusanya pamoja majaribio 50 yenye wagonjwa zaidi ya 4,000, wakaona kwamba suksametoniamu ilifungua koo vizuri zaidi kidogo. Mwaka 2019 huko Ufaransa walitoa taarifa ya wagonjwa 1,248 waliowekewa mpira nje ya hospitali, katika huduma ya magari ya wagonjwa. Mpira uliingia mara ya kwanza kwa wagonjwa 79 katika kila 100 waliopewa suksametoniamu, na 75 katika kila 100 waliopewa rokuroniamu. Tofauti si kubwa. Kwa mtu aliyeungua, faida ya hao wanne si kitu mbele ya hatari ya moyo kusimama.

Tena kuna jambo ambalo hesabu za Ulaya hazilitaji. Suksametoniamu ya maji hutakiwa kukaa katika friji; rokuroniamu kadhalika, na atrakuriamu vilevile. Nje ya baridi hupungua nguvu polepole. Sisi wa Lubumbashi twajua umeme unavyokatika. Muuguzi akivuta dawa iliyokaa siku nyingi katika joto, huenda koo lisifunguke vema, naye hatajua kwa nini. Suksametoniamu ya unga na vekuroniamu ya unga hazina shida hiyo, kwa sababu hutiwa maji wakati wa kutumiwa. Basi hospitali ya kijijini yenye friji mbovu yaweza kuwa na sababu njema ya kuchagua dawa ambayo hospitali ya Brussels isingeichagua.

Kwa hiyo dawa iliyo bora ni ile inayomfaa mgonjwa huyu, mahali hapa, mikononi mwa mtu anayeijua, na ambaye ana hewa ya kumpa mgonjwa mpaka nguvu zake zirudi. Dawa bora mikononi mwa mzembe ni mshale wa mwindaji. Dawa ya zamani mikononi mwa mwangalifu ni mivukuto ya yule punda.

DENI LA ANAYELAZA

Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na waganga mara mbili juu ya mambo haya. Tarehe 24 Februari alijibu maswali ya waganga wa usingizi wa Italia, akafundisha kwamba si dhambi kumpunguzia mgonjwa maumivu, wala Mkristo halazimiki kuyatafuta maumivu yanayoweza kuepukwa. Tarehe 24 Novemba alisema juu ya kuwapumulia wagonjwa mahututi, akaeleza kwamba twawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, lakini hatufungwi kutumia njia zilizopita kiasi. Uzuri wa mafundisho hayo ni kwamba yalimtazama mgonjwa kama mtu, hata pale asipoweza kusema neno.

Na mgonjwa aliyelegezwa hawezi kusema neno. Hawezi kukunja uso wala kubana mkono. Ametoa pumzi yake, sauti yake na hata kilio chake, akaviweka mikononi mwa mtu mwingine. Katika hospitali nyingi za nchi yetu mtu huyo ni muuguzi aliyefunzwa kazi ya usingizi, mwanamume au mwanamke, ambaye jina lake jamaa za mgonjwa hawalijui. Wao humshukuru mpasuaji, wakamsahau aliyekaa kichwani pa mgonjwa akihesabu pumzi. Yeye ana deni mara mbili: apumue kwa ajili ya mwenzake, na ahakikishe kwamba mwenzake amelala kweli.

Sisi nasi tunaweza kumsaidia. Anayekwenda kupasuliwa amwambie kweli alikula lini na nini. Akiambiwa afunge, afunge. Kufunga huku si kwa ibada, ni kwa ajili ya mapafu yake. Aseme kama aliwahi kuungua, kupooza, au kulala kitandani muda mrefu. Aseme kama katika ukoo wao yuko aliyekawia kuamka baada ya upasuaji, au aliyeshikwa na joto kali mezani. Mambo haya yasifichwe kwa aibu wala kwa hofu ya maneno ya jirani, kwa maana neno moja la namna hiyo laweza kubadili kichupa kitakachochukuliwa kabatini.

Na tunapowaombea wagonjwa katika Misa, tuwataje pia wale wanaowalaza na kuwaamsha.